Honi ya Ujiji Iliyogoma Kunyamaza

Mama mmoja wa Ujiji, muuza migebuka ya kukaanga, alitaka kengele: mteja abonyeze, ilie jikoni, inyamaze yenyewe. Betri ya sola ya volti 12 anayo, na kengele kashapata mwenyewe: honi ya bodaboda!

Nikamtandazia vifaa. Chipu ya 555, ile ya kuhesabu muda, yenye miguu minane. Rezista ya kiloomu 47 toka chanya hadi miguu ya 6 na 7 iliyounganishwa, kapasita ya maikrofaradi 47 toka hapo hadi hasi: zidisha, kisha mara 1.1, ni sekunde mbili na nusu hivi. Mguu wa 4 na wa 8 chanya, wa 1 hasi, wa 5 nanofaradi 10 hadi hasi. Wa 3 unavuta rilei, yaani swichi inayofungwa kwa umeme, maana chipu haitoi zaidi ya miliampia 200 na honi inakula ampia nzima nzima. Koili ya rilei ivishwe daiodi ya 1N4007, mstari upande wa chanya, la sivyo chipu inakufa.

Mama akaanza kupatana kama yuko mwaloni. "Hizi rezista mbili za kiloomu 10 si zinafanana? Moja inatosha. Na haka kadude?"

Kadude ni kapasita ya nanofaradi 10 kati ya swichi na mguu wa 2, ule unaoianzisha chipu ukishushwa. Nikamwambia bila hako, swichi ikishikiliwa honi haizimi.

"Nani atakaa ashikilie swichi, mwanangu?"

Baiskeli. Ijumaa baada ya swala mzee mmoja kaegemeza yake mlangoni, usukani ukatua juu ya swichi. Paaaaa! Mguu wa 2 ukikaa chini ya theluthi ya umeme, hapo volti 4, chipu haijali ile kapasita ya maikrofaradi 47 imejaa vipi, honi inaendelea. Bodaboda wa kijiweni wakaanza kushutumiana. Mama anaipiga honi kwa mwiko. Mzee, kaziba masikio: "Jamani, mpisheni huyo mwenye pikipiki!"

Nikachomoa waya wa betri. Mama akalipia kadude na rezista ya pili bila neno. Rezista moja kila upande wa kapasita, zote kwenda chanya. Sasa mguu wa 2 unashuka kufumba na kufumbua, unarudi juu hata swichi ikibaki imebanwa.

Kesho yake mzee huyo, baiskeli pale pale. Honi ikalia mara moja, ikakata. Akasubiri. Akaukandamiza usukani kwenye swichi ile ile iliyokwisha kubanwa. Kimya.

"Nyie! Kengele yenu imekufa, na mimi nina njaa!"