Kila Mtu Anampenda Sokwe Mtoto

Wiki hii kundi letu la WhatsApp la ukoo limezungusha ile video ya sokwe mtu mchanga aliyevalishwa nepi, kajilaza kwenye kochi la mtu ananyonya chupa. Mama mdogo kaandika "jamani, kazuri!" na kopa za kutosha. Binamu yangu, mtu mzima mwenye watoto na leseni ya udereva, kauliza: "Wanauzwaje?"

Sikujibu kule kwa sababu ukoo wetu ukianza hauishi. Najibia hapa.

Bei yake ni mama yake. Sokwe mtu jike hambwagi mwanawe. Humbeba miaka na miaka, na kundi humtetea. Anayemtaka mchanga inabidi amuue mama na yeyote atakayejitokeza kupigana. Wahifadhi hukadiria kwamba hufa hata kumi ili mmoja afike sokoni akiwa hai. Binamu, umesikia bei.

Hilo lakini wengi mnalijua. Kilichonitibua ni aliyefuatia, aliyetaja Sweetwaters, kile kituo cha sokwe yatima ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta kule Laikipia, Kenya, na kuuliza kwa kejeli: Kenya haina sokwe mtu hata mmoja porini, sasa inafuga wa wenzao wa nini? Wakenya bwana! Kacheka peke yake.

Ngoja nimsaidie kucheka. Sweetwaters ilifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, shirika la wanyamapori la Kenya KWS na taasisi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Wa kwanza walitoka Bujumbura, ambako kulikuwa na kituo cha yatima kilicholazimika kuhama vita vya Burundi vilipopamba moto. Walikuwa wakimbizi kama wakimbizi wengine wa miaka ile, tofauti ni kwamba hawa hawakuwa na kwa kurudi hata amani ikija. Mmoja wao ni Poco. Huyu alikaa miaka tisa ndani ya kizimba chembamba kilichoning'inizwa kwenye biashara ya mtu ili kivute wateja. Hakikuwa na nafasi ya kutambaa, ni kukaa au kusimama tu, basi akazoea kusimama. Alipofikishwa penye ardhi ya kutosha akawa anatembea kwa miguu miwili, wima, kama mzee anayekwenda kwenye kikao. Wageni hufurahi sana wakimwona. Hupiga picha. Mimi nilipokwenda nilipiga pia, mpaka mtunzaji aliponieleza alikojifunzia mwendo ule, hamu ikaniisha.

Na hapa ndipo penye hoja yangu, nyingine zote ni chumvi tu. Watu wanapenda kuokoa. Hawapendi kulea. Sokwe mtu kwenye kituo kizuri anaweza kufikisha miaka 50 na kuvuka. Aliyeokolewa akiwa wa kubebwa mgongoni, leo ni dume la kilo hamsini na kitu, lenye meno ya kukutoa kidole, linalokula kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo. Hakuna anayemposti. Jamaa yangu mmoja amewahi kushika vitabu vya hesabu kwenye kituo cha wanyama waliookolewa, kituo ambacho sitakitaja, na alikuwa akinisimulia ile programu yao ya kufadhili mnyama mmoja mmoja. Unafungua ukurasa, unaona picha, unachagua wako, unachangia kila mwezi. Vichanga viligombewa. Jike moja la makamo, lenye sikio lililochanika na upara wa kujinyofoa manyoya lilipokuwa kifungoni, lilikaa pale ukurasani mpaka wakaondoa picha yake wakaweka ya zamani, ya utotoni. Likapata mfadhili.

Sijui nicheke au nilie. Maana pesa zinafuata kichanga, na bili inabaki kwa mzee. Halafu bili yenyewe haina sura. Ni ndizi, mahindi, kabichi na uji. Ni dizeli. Ni mshahara wa askari wa usiku. Ni vipimo vya kifua kikuu na homa ya ini kwa kila mgeni kabla hajachanganywa na wenzake, na miezi ya karantini. Ni vijiti vya uzazi wa mpango kwa majike, ndiyo, vilevile vya zahanati, kwa sababu kituo cha yatima kikianza kuzalisha kinajaza nafasi ya yatima wa kesho. Na ni uzio wa umeme, ambao sokwe mtu ana akili ya kuuegemezea gogo akapanda, kwa hiyo lazima mtu azunguke kila siku kuangalia matawi. Jaribu kuandika ombi la msaada lenye kichwa "Tunaomba fedha za kuzungukia uzio". Mfadhili atakuuliza: ubunifu uko wapi? Atakupa hela za semina.

Mwaka 2020 mambo yalipofungwa, vituo vinavyotegemea viingilio vya watalii vilikiona cha moto. Ngamba, kile kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Entebbe chenye sokwe yatima tangu 1998, kilibaki bila mgeni wakati midomo ilikuwa ileile. Na isingewezekana kufungulia watu kidogokidogo, kwa kuwa mafua yetu yanamwambukiza sokwe na yanaweza kumuua.

"Si mwaachie msituni?" Hili nalo huwa haliachi kuja. Msitu upi? Ulio na sokwe wenyeji utakuta wana eneo lao, na dume mgeni watamrarua. Usio na sokwe mara nyingi una sababu ya kutokuwa nao. Nakubali kwamba Rubondo iliwezekana. Kati ya 1966 na 1969 walishushwa pale sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakazaana, na vizazi vyao wapo mpaka leo kwenye hifadhi yetu hapa Tanzania. Ila wanaoitaja Rubondo husahau kumalizia: ni kisiwa, na baadhi ya madume yaliyokwishazoea binadamu yaliwavamia watu, yakapigwa risasi. Sokwe aliyelelewa kwa chupa haogopi mtu. Ndiyo hatari yenyewe.

Nitakubali pia, kwa shingo upande, kwamba hela inayolisha sokwe mmoja kwa miaka arobaini huenda ingeokoa wengi zaidi ikilinda msitu. Kigoma wanaijua hiyo. TACARE, mradi wa taasisi ileile ya Goodall, ilianza 1994 kwa miche, maji na mikopo ya akina mama vijijini, kwa sababu Gombe, hifadhi ya sokwe, ilikuwa imebaki kipande cha msitu katikati ya vilima vipara. Sawa. Lakini anayenitolea hoja hii ni nadra kumkuta amechangia msitu. Anachagua kisichochangiwa, kisha hakichangii nacho.

Vituo feki navyo vipo, vingi. Ukiruhusiwa kumpakata mtoto wa simba kwa malipo, pale si kituo cha uokoaji. Ondoka. Na video za duma kwenye kiti cha mbele cha gari huko Ghuba zinaanzia Pembe ya Afrika, kwa vitoto vinavyosafirishwa kwa magendo vikifa njiani. Emirati zilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuzuia watu kufuga wanyama hatari majumbani, na wanaookolewa Somaliland bado wanahitaji mtu wa kuwalea.

Kulea kwenyewe kumekuwa kazi ya roho mkononi. Septemba 2022, Lubumbashi kule Kongo, watu waliingia usiku katika kituo cha sokwe yatima kiitwacho J.A.C.K. wakaiba sokwe watatu wachanga, wakadai fidia kama waliomteka mtoto wa tajiri. Wenye kituo walikataa kulipa, kwa sababu ukilipa leo, kesho watekaji wako getini kwa kila kituo barani. Uamuzi huo mgumu nauheshimu kuliko hotuba zote za mikutano ya uhifadhi. Wanyama umewalea mwenyewe, unajua majina yao, na unasema hapana.

Sasa nirudi kwa yule mcheshi wa "Wakenya bwana". Sisi ni watu ambao twiga wetu walipandishwa ndege pale KIA, uwanja wa Kilimanjaro, mwaka 2010 wakaenda Qatar, pamoja na wanyama wengine zaidi ya mia. Tumewahi kujiuliza, ndege ile ingezuiwa, wale wanyama wangeshushiwa wapi? Askari akimkamata mtu na sokwe kwenye kiroba, mtuhumiwa ana pa kwenda: mahabusu. Kielelezo kinakwenda wapi? Kinakufa stoo, au kinarudishwa kwa mtuhumiwa kikisubiri kesi, au anapigiwa simu mzungu mmoja mwenye shirika lake. Serikali inakamata, inapiga picha na waandishi, inaondoka. Bili ya miaka hamsini inaachiwa wachangiaji wa hiari, wanaopenda vichanga.

Sheria inayokamata bila pa kuweka ni nusu ya sheria, na hii kazi ya vituo ni nusu ya pili, inayofanywa bure kwa niaba ya dola. Basi ichangiwe na dola. Sisemi mabilioni. Nasema fungu, mstari mmoja, matunzo ya wanyama waliokamatwa, mwaka hadi mwaka, hata kama ni dizeli na mishahara ya walinzi tu. Juni bajeti zikisomwa Dodoma, Nairobi na Kampala nitaupekua mstari huo. Na kama hakuna mbunge wa kuuliza, binamu yangu ana muda mwingi wa kuuliza bei, nitampa namba ya mbunge wake.