Mashine Haikumsoma Shangazi Yangu

Jumanne iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hadi afisi ya usajili wa watu, akaombe kitambulisho badala ya kile kilichompotea mwezi wa Ramadhani. Tulifika saa mbili kasorobo asubuhi, tukaondoka saa nane mchana mikono mitupu. Shangazi ana umri wa miaka 74, na sehemu kubwa ya maisha yake imepita akisuka makuti na kuvunja kokoto, kazi ambazo huzila ncha za vidole kidogo kidogo mpaka mistari ya ngozi ikafutika. Kijana aliyekuwa zamu, ambaye kwa adabu yake sina la kumlaumu, alimpangusa vidole kwa kitambaa kibichi, akavipaka mafuta, akajaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto, akarudia mara tano. Hatimaye akamwambia, "Nyanya, mashine haikusomi."

Shangazi akamwuliza, "Na wewe, mwanangu, waniona?"

"Nakuona, nyanya."

"Basi andika kwamba umeniona."

Kijana alinyamaza. Baadaye alitueleza kwa sauti ya chini kwamba hana ruhusa ya kuandika jambo kama hilo, kwamba mfumo hauendi hatua ya pili mpaka vidole vikubaliwe katika hatua ya kwanza, na kwamba mwenye uwezo wa kuufungua hayuko katika kaunti yetu. Tangu siku hiyo jibu lake limenikaa rohoni, na ndiyo maana naandika.

Pesa ambazo serikali ya Kenya huwapa wazee kupitia mpango wa Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na bila kitambulisho shangazi hawezi kuzigusa. Ada ya kutengenezewa kitambulisho kingine, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 100, ilipandishwa mwaka 2024 kuwa shilingi 1,000, yaani nusu ya posho hiyo, nayo hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mzee asiye na simu yenye intaneti hana budi kwenda saiba, yaani duka la intaneti, na kumkabidhi kijana asiyemjua namba zake na maneno yake ya siri. Hilo peke yake lingestahili makala nzima, lakini si hilo lililonichoma zaidi.

Kilichonichoma ni karatasi. Tulipokuwa benchini, shangazi alifungua mkoba wake akatoa kitambaa, akakikunjua taratibu, na ndani yake mlikuwa na stakabadhi aliyopewa mwaka 2019 alipojiandikisha kwa Huduma Namba, mradi wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho. Ameitunza miaka yote hii kama mtu anavyotunza hati ya shamba. Nilikuwa naye siku ile pia, chini ya mwembe ulio nje ya afisi ya chifu. Aliulizwa habari za wazazi wake, elimu yake, kazi yake na hata kilimo chake, akapigwa picha, akaweka vidole juu ya kioo, na siku ile havikukataliwa. Sasa aliishika karatasi ile akidhani kwamba itamtetea. Kijana aliitazama, akairudisha kwa mikono miwili, akasema haina kazi tena.

Haina kazi tena! Uandikishaji ule ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta mapema Aprili 2019, ukafungwa tarehe 25 Mei baada ya kuongezewa siku, na zaidi ya watu milioni 37 wakatoa habari zao. Tuliambiwa kwamba daftari hilo litakuwa chimbuko moja la ukweli kuhusu kila mtu, na kwamba hatutaombwa tena makaratasi yale yale katika kila dirisha. Wengi wetu tulipanga foleni kwa hofu, kwa sababu ilikuwa imesemwa hadharani kwamba asiyejiandikisha atakosa huduma, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza kwamba mtu yeyote asilazimishwe.

Wako wanaozilaumu mahakama kwa kuangusha mradi ule. Tutazame mpangilio wa tarehe. Msingi wake wa kisheria ulipitishwa mwaka 2018 ndani ya sheria ya marekebisho mbalimbali, ile ambayo kwa kawaida hurekebisha makosa madogo madogo, na ndani yake kulikuwa na idhini ya kukusanya hata vinasaba (DNA) vya watu. Habari zetu zilichukuliwa Aprili na Mei 2019, ilhali Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba mwaka huo, miezi kadhaa baada ya habari hizo kuwa mikononi mwa serikali. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu waliondoa suala la vinasaba na mahali mtu anapoishi, wakaamua kwamba mradi uendelee kwa sharti kwamba kuwe na kanuni kamili. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu athari zake kwa usiri wa wananchi hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Aliyeanza kuezeka kabla ya kusimamisha nguzo hawezi kumlaumu mkaguzi.

Baada ya serikali kubadilika ikaja Maisha Namba, mradi mwingine wa namba ya utambulisho, nayo ikasimamishwa na mahakama Desemba 2023, ikaruhusiwa Februari 2024, ikasimamishwa tena Julai, ikaruhusiwa tena Agosti. Kila inaposimama na kuanza, walioko kwenye foleni ndio wanaolipa nauli.

Hata hivyo, hoja yangu haihusu mabilioni ya pesa wala kesi. Hoja yangu ni kwamba mifumo hii yote imejengwa juu ya dhana moja, kwamba mashine ikisema na mtu akisema, mtu ndiye anayepaswa kuthibitisha. Haikuwekwa njia ya kuijibu. Haikuachwa nafasi kwa binadamu mwenye mamlaka, aliyeko karibu, anayeweza kusema: nimemsikiliza, nimemtazama, mashine imekosea, endeleeni.

Asiyeona uzito wa jambo hili na awafikirie vijana wa Garissa. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 na kupanuka miaka iliyofuata, ukame uliwapiga wenyeji sawasawa na ulivyowapiga waliokimbia vita vya Somalia, lakini chakula na dawa vilikuwa kambini. Wazazi Wakenya waliona watoto wao wanakonda, wakawaandikisha humo ili wale. Mtoto hakuulizwa. Miaka ikapita, akarudi kwao, akasoma, akafika umri wa miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho pamoja na wenzake wa darasa moja, na vidole vyake vikaonekana katika daftari la wakimbizi. Hapo maombi yake yakafa. Ana cheti cha kuzaliwa, ana baba na mama wenye vitambulisho vya Kenya, ana chifu anayemjua tangu akiwa mgongoni, lakini ushuhuda wa watu hao wote umekuwa mwepesi kuliko alama moja iliyochukuliwa alipokuwa na njaa. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kuajiriwa kihalali, na kila kizuizi cha polisi barabarani kwake ni hatari. Wapo waliokaa hivyo miaka kumi na zaidi, wakaoa, wakazaa, na watoto wao nao wakakosa mzazi mwenye karatasi ya kuwatetea. Daftari la karatasi pengine lingeoza likawasahau. Kanzidata, yaani daftari la kompyuta, haisahau, na hakuna aliyepewa kazi ya kuisahihisha kwa haraka ile ile inayotumika kuwakataa watu.

Sisi wa Pwani tunalielewa jambo hili bila kuelezwa. Neno kipande bado liko midomoni mwetu tunaposema kitambulisho, na kipande kilianzia katika sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, ambayo baadaye iliwafanya wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16 watembee na karatasi ndani ya kikopo cha chuma shingoni, ili mwajiri na askari wajue walikotoka na wanakokwenda. Wamakonde walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walikaa nasi kwa miongo mingi bila uraia, mpaka mwaka 2016 walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao. Wapemba walisubiri mpaka mwaka 2023. Wanubi na Wasomali walipigwa msasa na kamati baada ya kamati, wakiulizwa majina ya mababu ambayo jirani zao hawakuulizwa kamwe. Ukichukua daftari lenye mashaka ya namna hiyo ukalitia ndani ya kompyuta, mashaka hayapungui, bali yanapata kasi na kupoteza uso wa mtu wa kulaumiwa. Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba msasa huo wa ziada umekwisha. Nalipokea tangazo hilo, lakini tangazo linaweza kutenguliwa na tangazo jingine, na ningependa zaidi kuliona ndani ya sheria.

Nakubali kwamba yako yaliyoboreka. Kuomba pasipoti ukiwa nyumbani ni afadhali kuliko kulala nje ya afisi, na madalali waliokuwa wakinunua na kuuza nafasi za foleni wamepungua. Lakini mwaka 2023 mashine za kuchapa pasipoti ziliharibika, maombi yakarundikana kwa miezi, na vijana wa hapa waliokuwa wamepata kazi Ghuba wakazipoteza wakisubiri kitabu. Julai ya mwaka huo huo eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zikasita kote nchini, kwa sababu milango yote ilikuwa imeelekezwa kwenye kizingiti kimoja. Ndugu zetu wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga, nao wanakumbuka Januari 2020, laini za simu zilipoanza kuzimwa kwa kukosa usajili wa vidole, ilhali wengi walikuwa bado wanangoja namba kutoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya huko.

Katiba yetu, katika Kifungu cha 12, inasema kwamba kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya utambulisho ambayo serikali huwapa raia. Haisemi kila raia mwenye vidole vinavyosomeka. Kwa hiyo naomba sheria itamke waziwazi kwamba mashine ikishindwa kumtambua mtu, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa afisi, na afisa aliyeko dirishani awe na mamlaka ya kutumia picha, namba ya zamani na ushuhuda wa chifu au mzee wa mtaa, kisha atie sahihi yake na awajibike kwayo. Kuwe na siku maalum ambayo jibu lazima litoke. Na zile habari zetu za mwaka 2019, tuambiwe ziko wapi na nani anazishika.

Tumeambiwa turudi Jumanne ijayo, pengine italetwa mashine nyingine. Tutarudi. Nimeandaa barua ya ukurasa mmoja inayotaja Kifungu cha 47, kinachompa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa afisi ya umma unapoathiri haki zake, na nitaomba sababu hizo ziwe na jina, tarehe na muhuri. Jana usiku nilimsomea shangazi barua hiyo kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niongeze mstari mmoja, kwamba yeye alizaliwa hapa kabla bendera haijapandishwa. Nimeuongeza.