Jino linajenga ukuta, haliz​ibi shimo

"Dawa ya jino ni kung'oa." Tumeusikia msemo huu tangu utotoni, nami niliuamini mpaka siku daktari wa meno aliponionyesha picha ya eksirei ya gego langu. Juu palikuwa na doa jeusi: shimo. Chini yake kilionekana kile chumba cha kiini, ambamo mna nyama laini, mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa kawaida chumba hicho huwa na vipembe vilivyochongoka. Changu, upande wa shimo, kipembe kilikuwa kimefutika. "Hapa jino limejijengea ukuta," akasema.

Nilikwenda kusoma, na tangu hapo jino silioni tena kama kijiwe kilichopandwa kwenye ufizi.

Enameli, lile gamba gumu la nje, kweli haina seli hai. Seli zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza, ndiyo maana ikishatoboka mwili hauna wa kumtuma. Lakini chini yake kuna dentini, na hiyo ina wenyewe. Seli zake, odontoblasti, zimejipanga ukingoni mwa kiini, na kila moja imenyoosha mkia ndani ya kijifereji chembamba kinachoelekea nje. Katika milimita moja ya mraba vijifereji hivyo ni maelfu kwa maelfu.

Uozo ukikaribia, vijifereji huanza kuzibwa kwa madini. Shambulio likiwa la polepole, odontoblasti zilezile huongeza dentini mpya upande wa ndani. Likiwa kali zikafa, seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) kutoka kwenye kiini huja kushika nafasi zao na kujenga harakaharaka, ujenzi wa ovyoovyo, vijifereji vichache na vimepindapinda. Ninachokipenda zaidi ni namna habari inavyofika: dentini ilipokuwa ikitengenezwa, protini za kuamsha ukuaji zilifungiwa humo. Tindikali ya bakteria inapoyeyusha madini, inazifungulia. Mwizi mwenyewe ndiye anayegonga kengele.

Sasa, wanaotuandikia kwamba "meno hujiponya yenyewe" wananiudhi kuliko hata wale wa kung'oa. Ukuta huu unajengwa kwa ndani. Shimo linabaki palepale na bakteria wake, huku jino likirudi nyuma na kujimegea chumba chake lenyewe, mikroni chache tu kwa siku, na milimita moja ni mikroni 1,000. Uozo ukienda kasi kuliko fundi, fundi ameshindwa.

Anachohitaji fundi ni muda, na muda huo daktari anaweza kumpa. Zamani ilikuwa kawaida kukwangua hadi chembe ya mwisho ya uozo, hata ikibidi kukitoboa kiini. Siku hizi, kwa shimo refu ambalo kiini chake bado ni kizima, wengi husafisha kingo vizuri, wakaacha tabaka jembamba lililolainika juu ya kiini, kisha wakaziba kabisa. Bakteria waliofungiwa humo hukosa sukari, na ujenzi unaendelea. Mwaka 2017 watafiti wa King's College London walitia sponji ya kolajeni yenye dawa iitwayo Tideglusib kwenye meno ya panya, na dentini ikaongezeka. Inatia moyo, ila tundu la jino la panya ni dogo mno, kwa hiyo mimi bado naenda kuzibwa.

Na lile gego? Nilikuwa nimekaa miezi nikijisifu kwamba maji baridi hayaniumi tena, basi limepona. Daktari hakufurahi. Maumivu yakikoma, alisema, ama ukuta umenenepa ama kiini kimekufa, na mdomoni huwezi kutofautisha. Akachovya kipande cha pamba kwenye kitu cha baridi kali, akakigusisha kwenye jino, akasubiri. Sekunde ya kwanza, kimya. Ya pili, nikashtuka kitini.

"Lipo hai," akasema, akavuta taa karibu.