Vumbi Liacheni Lilipo

Ijumaa iliyopita nilitoka msikitini nikamkuta mtoto wa jirani yangu kasimama ubavuni mwa gari langu, fulana kuukuu mkononi, uso umejaa furaha. "Ami, nimekupangusia gari lote! Tizama linavyong'ara." Nikamwambia ahsante mwanangu, Mungu akubariki, nikampa mia tano. Kisha nikazunguka upande wa pili, uliokuwa unapigwa na jua.

Gari lile lilikuwa na siku kumi na tisa tu tangu litoke kwa fundi rangi. Buluu iliyokoza. Klia ya zamani, ule mpako usio na rangi unaokaa juu kabisa, ilikuwa imebambuka paani na kwenye boneti, mabaka meupe kama ngozi inayochuna, na nilikusanya fedha miezi saba mpaka nikaweza kumlipa fundi aifanye kazi vizuri. Na aliifanya vizuri. Sasa nilisimama juani natazama, na kila pahala ulipopita mkono wa mtoto yule palikuwa na mistari ya duara, myembamba kama nyuzi za buibui, imelizunguka jua pale lilipojitokeza kwenye rangi. Nikisogea, nayo inasogea. Gari zima.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Alifanya anachotuona sisi wakubwa tunafanya kila siku. Pita kituo chochote cha teksi hapa mjini Unguja, pita Darajani, pita zinapopanga foleni daladala: dereva akishafungua mlango asubuhi, jambo la kwanza ni kutoa kitambaa chini ya kiti, akikung'ute kwenye gurudumu, aanze boneti. Kavu kwa kavu. Baba zetu walifanya hivyo, na tumekuzwa tukijua kwamba mtu anayejiheshimu gari lake halikai na vumbi. Nami nimelelewa hivyo hivyo, na usafi naupenda. Lakini kitambaa kikavu juu ya rangi mpya si usafi. Ni kulipiga gari msasa, na tunalipiga wenyewe, kwa mikono yetu, kwa mapenzi.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu nikilisema hili barazani watu hunitazama kama nimezidisha. Vumbi letu si unga wa ngano. Ukiingia njia za ndani za Fuoni, au ukienda shamba kwa barabara ambayo bado ni ya kifusi, kinachoruka nyuma ya gari la mbele ni jiwe la matumbawe lililosagika, pamoja na mchanga. Ndani ya mchanga mna chembe za kwarzi, na kwarzi ni ngumu kuliko kioo. Hata ule mchanga mweupe wa Paje na Jambiani, laini kiasi cha kudhani ni poda, asili yake ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari, na bado ni mgumu kuliko klia. Chembe hizo zikikaa zenyewe juu ya boneti hazina neno. Zinakaa tu. Zinaanza kukata pale unapoweka kitambaa juu yake, ukakandamiza, ukazungusha.

Muulize fundi rangi yeyote anapotaka kulainisha klia iliyotoka na vidonda anafanyaje. Atachukua msasa wa maji, namba 1500 au 2000, na atakuwa na ndoo pembeni. Anachovya, anapitisha, anamwagia, anachovya tena. Msasa wenyewe, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kukwaruza, fundi haupitishi mkavu. Sisi tunapitisha fulana iliyojaa mchanga bila tone la maji, halafu tunarudi nyuma hatua mbili kutizama linavyong'ara.

Na kinachokatwa ni kidogo mno. Gari huwa na praima chini, kisha rangi, kisha klia juu, na hiyo klia ndiyo inayobeba mng'aro wote na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni 40 hadi 60. Karatasi ya daftari la mtoto wa skuli ina kama 100. Yaani kinga yote ya gari lako ni kama nusu ya karatasi. Mistari ya buibui haifiki kwenye bati, najua, na mtu akiniambia "ni ya juu juu tu" nakubali kwa shingo upande. Lakini itaondokaje? Itaondoka kwa kupigwa polishi ya mashine, na polishi ile haijazi mfereji, inakata kingo zake mpaka zilingane na chini yake. Kila ukipiga, klia inapungua. Ukipangusa mwaka mzima, ukapiga polishi, ukapangusa mwaka mwengine, ukapiga tena, mwisho utafika pahala klia imebaki utando, na jua letu halina huruma na utando. Itakufa kuanzia paani. Itabambuka. Ndiko nilikotoka mimi, kwa rangi ile ya kwanza, na fedha za miezi saba ndipo zilipokwenda.

Gari lililotoka gereji lina udhaifu mwengine ambao wengi hatuambiwi. Kiwandani, bodi hupigwa rangi ikiwa tupu, haina mipira, nyaya wala viti, kisha inaingizwa kwenye tanuri la nyuzi kama 140. Rangi inaiva kweli kweli. Gereji haiwezi kufanya hivyo, plastiki zote zitayeyuka. Wenye chumba cha kupashia joto wanafika nyuzi 60 hivi, na mafundi wetu wengi wanaanika kivulini, basi. Kesho yake unagusa, kavu. Unatia ufunguo, unaondoka. Kumbe ndani ya rangi tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, bado inatoka, polepole, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa rangi wanataka usitie nta mpaka zipite siku 30, wengine mpaka 90: ukiziba juu mapema, kilichomo ndani kinakosa pa kutokea. Na ndiyo maana rangi ya siku kumi na tisa inakwaruzika kwa kitu ambacho rangi ya kiwandani pengine ingekivumilia.

Ndugu zangu mafundi, hili nalisema kwa heshima zote. Mkimkabidhi mtu gari, mwambieni. Dakika mbili tu. Mwambieni asipake kitu, asilipangushe kavu, alioshe kwa maji matupu wiki za mwanzo. Mtu anatoa fedha nyingi, anaondoka na ufunguo na "Inshaallah utafurahi", halafu ndani ya mwezi kazi yenu nzuri imeshachakaa na lawama mnabeba nyinyi.

Mzee mmoja tunayekaa naye barazani aliniambia, "Bati hilo, kijana wangu. Litakuzika?" Sina ubishi na mzee, na kweli gari ni chombo. Lakini sisi tunaishi kisiwani. Upepo wa kaskazi unakuja na chumvi, upepo wa kusi unakuja na chumvi, na bati likipata upenyo, kutu haingoji. Rangi kwetu si urembo tu. Dau tunalitia mafuta ya sifa, yale ya samaki, lisiliwe, na hakuna aliyewahi kumwambia baharia kwamba anajipamba.

Basi tufanyeje na vumbi? Maji kwanza. Kabla ya kitambaa, kabla ya sabuni, kabla ya mkono, maji. Mwagia kuanzia paani, yateremke yenyewe yaondoke na mchanga, halafu mwagia tena. Najua mitaa ambayo maji hutoka usiku wa manane na watu wanajaza madumu, na sitamwambia mtu anayehesabu ndoo za kupikia amwage maji kwenye gari. Siku kama hiyo liache na vumbi lake. Hakika liache. Vumbi lililotulia halidhuru, na mvua moja ya vuli itakusaidia kuliko fulana kumi. Siku ukiwa nayo, ndoo mbili na kopo zinatosha kwa gari dogo: moja ya kumwagia na sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kipande, ili mchanga ubaki kwenye ndoo usirudi garini. Sabuni ya unga iacheni kwa nguo, ni kali. Dodoki liacheni bafuni.

Ukaushe pia, usiache maji yakaukie juu. Unguja yetu imekaa juu ya jiwe la chokaa na maji ya visima vingi yana chokaa. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ndio huo huo unaobaki kwenye boneti kila tone linapokauka juani. Osha asubuhi mapema, bati likiwa baridi.

Mengine mnayajua. Kikombe cha kahawa hakina kazi juu ya boneti. Mwembe una kivuli kizuri na utomvu mbaya. Watoto wa Sikukuu wanaokaa kwenye boneti pale Mnazi Mmoja kupiga picha wana haki ya kufurahi, mwenye gari ndiye akaegeshe mbali. Kava ni zuri juu ya gari safi. Juu ya gari lenye vumbi, upepo unalisugua usiku kucha, afadhali usilivishe.

Kunguru nitawapa maneno mawili zaidi. Waliletwa hapa miaka ya 1890 kula taka, na taka hatujaziacha wala wao hawajaondoka. Kinyesi cha ndege kina asidi, na saa saba za mchana boneti ya rangi iliyokoza inachoma mkono. Klia ikipata moto inalainika na kutanuka. Jioni inaposinyaa inaganda na alama ile ile. Usingoje kesho. Lakini usikwangue! Weka kitambaa kilicholoa maji juu yake, kiache dakika tano kilainike, kisha kinyanyue. Chupa ya maji na kitambaa safi ndani ya gari, ndio mzigo wote.

Kuna dawa za kupulizia zinazouzwa siku hizi, unapuliza kisha unapangusa, na wapo wanaoniambia zinafaa. Kwa vumbi jepesi la mjini, na kitambaa laini kweli, sawa. Kwa gari lililotoka shamba kwa njia ya kifusi, hapana.

Jumamosi nilimwita yule mtoto. Niliogopa kumvunja moyo, kwa hiyo sikumwonesha mistari. Nilimwambia tu, njoo tuoshe gari pamoja. Nikampa kopo, akamwagia paa, na maji yalipoteremka nikamwambia achote kiganjani yale yanayodondoka chini ya mlango, aache yatulie, kisha ahisi kwa kidole gumba. Akasugua vidole. "Ami, mna mchanga." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na ile Ijumaa ulikuwepo?"

Nikamwambia ulikuwepo, na mimi nilikuwa sijakufundisha.

Ile mistari bado ipo. Nimekwenda kwa fundi, amenishauri nisiiguse sasa, niache rangi ikomae miezi miwili zaidi, kisha ataipiga polishi nyepesi kwa mkono wake mwenyewe. Nitangoja. Kwa sasa, ukilikuta gari la buluu limeegeshwa nje ya msikiti wetu, limefunikwa vumbi mpaka huioni rangi, na roho yako njema ikakutuma unifanyie wema, nakuomba kwa dhati: pita, unisalimie, na vumbi uliache.