Yuriki asidi iko juu, je ndo imeleta kitambi au kitambi ndo kimeileta?

Jamaa kapima damu, karatasi imerudi na kanyota pembeni ya namba moja: yuriki asidi, taka ya mwilini inayotolewa na figo kwenye mkojo, 7.9 (mg/dL). Kidole gumba cha mguu hakiumi, gauti (ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki) hajawahi kuugua, lakini usiku kucha kasoma na asubuhi keshaapa hagusi nyama na anauliza alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, inapatikana wapi. Sasa hiyo 7.9 ndo itamletea presha na sukari, au presha, sukari na kitambi ndo vimeipandisha?

Hivyo vikikaa pamoja huitwa metaboliki sindromu, nayo ni kifurushi tu, ukikutwa na vitatu kati ya vitano unayo: kiuno kipana, presha kuanzia 130/85, sukari kabla ya kula kuanzia 100 (mg/dL), traigliseridi (mafuta ya kwenye damu) kuanzia 150, na kolesteroli nzuri kuwa chini. Yuriki haimo humo, ila mara nyingi kifurushi kinapoonekana nayo iko jirani, ndo maana ugomvi hauishi.

Wanaoishtaki yuriki wana hoja, tusiwabeze. Fruktosi, sukari ya kwenye matunda na soda, ikifika kwenye ini inachakatwa bila breki, ATP (nishati ya seli) inateketea haraka haraka na mabaki yake yanaishia kuwa yuriki, na sisi binadamu kile kimeng'enya cha kuivunja tulishakipoteza zamani sana, wanyama wengi wanacho. Mwaka 2006 panya waliolishwa fruktosi walipopewa alopurinoli, presha na insulini zao hazikuharibika kama za wenzao. Halafu 2008 vijana 30 wenye presha mpya wakapewa dawa hiyo hiyo na presha ikashuka. Hapo hata mimi nilianza kuamini.

Ila angalia figo. Insulini ikiwa juu, na kwa mtu mwenye kitambi mara nyingi huwa iko juu, inaziambia figo zibane chumvi na zibane yuriki pia, kwa hiyo namba inapanda hata kama jamaa hali nyama kabisa. Yaani mshale unaweza kuelekea upande mwingine kabisa. Ushahidi ulionigeuza mimi ni wa jeni: kuna watu wamezaliwa na jeni zinazopandisha yuriki maisha yao yote, gauti wanaipata kweli kuliko wengine, lakini kisukari hakionekani kuwapata zaidi, na kama yuriki ingekuwa ndo chanzo si wangekuwa wa kwanza kuugua? Dawa nazo zimeshindwa kusaidia hoja. Mwaka 2020 tafiti mbili kubwa zilijaribu alopurinoli kulinda figo, haikulinda, na 2022 Uingereza wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700 wasio na gauti wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa, waliomeza na wasiomeza matokeo yakawa yale yale.

Wa upande wa kwanza watajibu kwamba hao walikuwa wazee, mishipa ilishachakaa, wale vijana 30 walikuwa bado wabichi. Sawa, inawezekana, ila watu 30 ni wachache mno kumpa mtu asiyeumwa dawa ambayo mara chache, kwa wenye jeni fulani, inababua ngozi mpaka mtu analazwa mahututi.

Kwa hiyo kwangu mimi ile 7.9 haistahili dozi, inastahili futi ya kupimia kiuno, kipimo cha presha na sukari ya asubuhi, maana mara nyingi inatokea kabla hayo mengine hayajajulikana. Na aulizwe anameza nini, kwa sababu haidroklorothiazaidi, hiyo hiyo ya presha, inapandisha yuriki, wakati losatani, nayo ya presha, inaishusha kidogo, watu wengi hawaambiwi hili. Nyama ikipunguzwa namba inashuka kidogo tu, uzito ukipungua inashuka na vingine vinashuka nayo. Ila jamaa yetu nyama kaiacha kweli, na ile karatasi yenye nyota kaiwekea chupa ya soda juu isipeperuke.