Saratani ya Utumbo Mpana: Kipimo Kije Kabla ya Dawa?

Kemo (dawa za kuua seli za saratani) ya kawaida kwa saratani ya utumbo mpana ni fluorourasili, mara nyingi pamoja na oksaliplatini. Wapo wanaoona mtindo wa dawa moja kwa wote umepitwa na wakati, kwa kuwa ugonjwa huu si mmoja: mwaka 2015 watafiti waliugawa makundi manne kwa jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya uvimbe. Wengine wanajibu kwamba Kisumu na Nakuru zinahitaji kwanza kolonoskopi (kipimo cha kuchungulia utumbo kwa kamera) na madaktari wa upasuaji, makundi yatasubiri.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Makundi hayo manne hayaamui dawa ya mgonjwa hata huko Marekani. Kinachotumika ni alama moja moja za uvimbe, yaani mabadiliko mahususi ya jeni au protini zake. Uvimbe uliowahiwa nao hukatwa bila kusubiri majibu ya jeni. Na alama nyingine huelekeza kwenye dawa isiyonunulika. Kwa ugonjwa uliosambaa wenye hitilafu ya kurekebisha DNA (seli hushindwa kusahihisha makosa ya DNA), pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ilizuia saratani isisonge kwa miezi 16.5 (wastani wa kati), kemo ikaishia 8.2. Sawa, lakini familia ya kule Ahero, karibu na Kisumu, itauza ng'ombe wangapi?

Wanapokosea ni kudhani kwamba kipimo huongeza gharama tu. Takriban asilimia 40 ya wagonjwa uvimbe wao una mabadiliko ya jeni ya KRAS, na kwao setuksimabu, dawa nyingine ghali inayolenga uvimbe, haifanyi kazi ikitumika peke yake au na kemo. Kuwapa ni kuteketeza pesa za harambee. Mwenye hitilafu ile ya DNA naye, akiwa hatua ya pili ya ugonjwa (haujafika kwenye tezi wala kusambaa), hanufaiki na fluorourasili peke yake baada ya upasuaji. Hapo kipimo kinamwepusha na sindano, nauli za matatu na kichefuchefu cha bure.

Tena hitilafu hiyo haihitaji mashine ya kusoma jeni. Kinyama kilekile kilichokatwa hupakwa rangi maalum za kutafuta protini nne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Mojawapo ikikosekana, huenda mgonjwa ana Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani, na ndugu zake wapaswa kuchunguzwa kabla hawajaugua. (Faida hii ya ndugu ndiyo husahaulika zaidi.)

Mimi ningeanza na rangi hizo kwa kila mgonjwa, na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, izilipie kabla ya kujadili dawa ghali. KRAS ipimwe pale tu ugonjwa umesambaa na setuksimabu inapatikana kweli.