Wewe ni wa kanisa au wa capel?

Wiki yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye bonde moja la kusini mwa Wales, nilikuwa namvalisha soksi bibi mmoja aliyepita miaka tisini, akaniuliza: "Wewe ni wa kanisa au wa capel?" Nikamwambia mimi ni Mlutheri. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu swali la mwenzake, akarudia polepole, akidhani Kiingereza ndicho kimenishinda.

Kiingereza hakikunishinda. Kilichonishinda ni kwamba capel, ukiitafsiri tu, ni kikanisa, na kwetu swali hilo halipo. Tunasema kanisa, likiwa dogo tunasema kikanisa, basi. Wakatoliki wana vigango vyao. Sisi Walutheri wa Njombe tuna mitaa, na mitaa kadhaa ndiyo usharika. Kikanisa, kichwani mwangu, kilikuwa kile chumba cha hospitali ya misheni niliyosomea uuguzi: mabenchi manane, msalaba wa mbao, ibada fupi ya asubuhi, halafu ripoti ya zamu ya usiku. Kitu cha pembeni. Ile "ki" ilikuwa imeshaniamulia.

Mwaka huohuo rafiki akanipeleka Morriston, Swansea, kuona capel iitwayo Tabernacl. Ilifunguliwa 1872, ina mnara wenye ncha, na inakalisha watu zaidi ya elfu moja. Ukiita kikanisa pale umetukana. Na huku bondeni kwetu kuna kanisa la Kianglikana dogo kama stoo ya mahindi, nalo ni kanisa bila ubishi. Kumbe udogo haukuhusika.

Bibi ndiye aliyenifumbua macho, kidogokidogo, kati ya chai ya saa nne na dawa za jioni. Kanisa, yaani la Kianglikana, alisema, lilikuwa la serikali na la wenye ardhi. Capel, nyumba ya sala ya Waprotestanti waliojitenga na Waanglikana, ilikuwa ya kwao. Alisema "ya kwetu" kwa sauti ileile ambayo mama yangu husema shamba la kwetu.

Baadaye nikasoma mwenyewe, nikaona hakutia chumvi. Sheria ya 1664 ilipiga marufuku watu watano au zaidi, mbali na wenye nyumba, kukusanyika kwa ibada isiyofuata Kanisa la Uingereza. Ya 1689 ikalegeza kamba: salini, ila nyumba yenu iandikishwe. Kule Powys kuna capel ya enzi hizo, Maesyronnen, iliyoandikishwa 1697. Ukiiona kwa nje utadhani ni jengo la shamba, na ndivyo ilivyoanza. Karne ya 19 ikaleta migodi ya makaa kusini na machimbo ya mawe ya kuezekea kaskazini, na kila palipopatikana kazi watu walichanga senti wakajenga. Mji wa Bethesda, kaskazini, ulipewa jina na capel yake. Serikali ilipohesabu waabudu mwaka 1851, wengi mno wa walioingia ibadani Wales hawakuwa kwa Waanglikana. Lakini zaka walitakiwa kulipa hukohuko kwa Waanglikana! Miaka ya 1880 wakulima waligoma mpaka askari wakaletwa kukamata mifugo. Kanisa la Anglikana likaja kutenganishwa na dola, hapa Wales, mwaka 1920.

Kwetu mambo yalianzia upande mwingine kabisa. Kikanisa kilishuka kutoka juu. Misheni ya Berlin ilijenga kituo, kituo kikazaa nyumba za sala vijijini, ufunguo ukawa kwa mmisionari. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na walimu wenyeji wakabaki na kondoo na funguo. Tangu hapo, tukisema ukweli, mitaa mingi imejengwa na wanakijiji: wanaume wamefyatua tofali na kuchoma tanuru, wanawake wamesomba maji na mchanga, usharika umetoa bati. Kwenye makaratasi jengo ni la dayosisi. Lakini jaribu kwenda pale kijijini ukasema hivyo, mbele ya wamama waliobeba ule mchanga.

Neno lenyewe, kwa anayependa visa vya maneno, lina kisa kizuri. Martin wa Tours, akiwa askari, alikata joho lake nusu akampa ombaomba aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Baadaye wafalme wa Wafranki wakalitunza joho hilo kama kitu kitakatifu. Joho dogo kwa Kilatini ni cappella, na chumba lilimotunzwa kikaitwa jina hilohilo. Waliolilinda ndio babu zao makapelano wa leo, wa majeshi, magereza na hospitali. Mimi nimekutana na kapelano wa hospitali hapa saa kumi usiku, nimekaa peke yangu kwenye chumba cha sala baada ya mgonjwa kufariki mikononi mwangu. Hakuuliza dhehebu. Alikaa benchi la nyuma, akaondoka kabla yangu. Hiyo nayo ni kazi ya kikanisa, na siidharau.

Lakini nirudi kwa bibi. Siku moja aliniomba nimfungulie sanduku chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na vijitabu vya taarifa ya mwaka ya capel yao, miaka ya 1950. Nikafungua kimoja. Kurasa kwa kurasa za majina ya washirika, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa mwaka mzima, kimechapishwa, kila mtu asome. Safu tatu: pauni, shilingi, peni. Kuona shilingi tu nilicheka. Baba yake, mchimba makaa: pauni 2 na shilingi 10. Mjane wa nyumba ya tatu: shilingi 8. Na bwana mmoja mbele ya jina lake pana kistari tu.

"Huyu je?" nikauliza.

"Huyo," bibi akasema, "alikuwa na duka."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa zamu akaja kuona kuna nini. Kwani kuna tofauti gani na kwetu, pale mtunza hazina anaposimama kabla ya matangazo akasoma ahadi, na akifika kwa mwenye duka anakohoa kwanza? Wanaotuambia kwamba michango ya kutajana majina ni ushamba wetu Waafrika, waje wasome sanduku la bibi.

Jambo jingine likanishtua zaidi. Jumapili moja, nikiwa sina zamu, nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka capel. Tulikuwa watu tisa ndani ya jengo la watu mia tano. Mbele, chini ya mimbari, kuna benchi lililozungushiwa uzio wa mbao, wanaita sêt fawr, kiti kikubwa, wanakokaa wazee wa kanisa wakiwatazama watu. Kichwani nikamwona mzee wetu mmoja wa Njombe amekaa pale na koti lake, anahesabu nani kachelewa. Kisha mama mmoja akanipa kitabu cha nyimbo. Maneno ya Kiwelishi, sikuelewa hata moja. Lakini juu ya maneno, badala ya nota za mistari mitano, kulikuwa na herufi: d, r, m, f, s. Solfa! Solfa ileile aliyotufundisha mwalimu wa kwaya kwa ubao na kipande cha chaki, sauti nne, jioni, kwa mwanga wa karabai. Mfumo huo ulienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wachimba makaa wa huku wakaushika kwa sababu haukuhitaji piano wala shule, na wamisionari wakauleta kwetu kwa sababu hizohizo. Nikaanza kuimba sauti ya pili, bila maneno, kwa herufi tu. Mama wa mbele yangu akageuka. Hawakuwa wamesikia sauti ya pili, aliniambia baadaye, tangu aliyeiimba alipofariki.

Basi wale wa nyumbani wanaoniandikia kwamba "Wazungu wamemwacha Mungu" nawajibu: punguzeni mbio. Wapo waliomwacha, ndiyo. Lakini capel za bonde hili zimekufa kwa mambo mengi, na baadhi nayafahamu vizuri kwa sababu tunayafanya. Migodi ilifungwa baada ya mgomo wa 1984 na 1985, vijana wakaondoka. Lugha ikapungua, watoto wakawa wanaimba wasichoelewa. (Kwetu ibada ni Kiswahili, lakini sikiliza wazee wakipata uchungu wa kweli: wanaomba kwa Kibena.) Na tatu, fahari. Barabara ya bibi ina capel tatu, Bethel, Siloam na Ebeneser, zote za kutembea dakika tano. Nilidhani ni wingi wa watu. Bibi akanyoosha kidole: Siloam walitoka Bethel kwa ugomvi wa kinanda, na Ebeneser walitoka Siloam kwa jambo ambalo hata baba yake hakutaka kulisema. Kila waliotoka walijenga kubwa kuliko walikotoka. Hata zilipokuwa hai, anasema, hazikujaa zote kwa mpigo, ila miezi ile ya uamsho wa 1904, wakati kijana Evan Roberts, aliyewahi kufanya kazi mgodini, alipowasha moto Loughor ukasambaa Wales nzima. Inasimuliwa kwamba farasi wa migodini walishindwa kuelewa amri, maana waliowaendesha walikuwa wameacha kutukana. Moto ule haukudumu. Majengo yalibaki, na bili ya paa ikabaki nayo.

Leo mchungaji wa capel ya bibi anahudumia sita. Ajabu ni kwamba wa kwetu pia anahudumia mitaa sita! Wa huku anakimbizana na mazishi. Wa kwetu anakimbizana na ubatizo na vipaimara, pikipiki imejaa matope, na Chakula cha Bwana kinamngoja mpaka saa nane mchana.

Siloam imeshauzwa. Sisi Waswahili wa eneo hili, Watanzania, Wakenya na Wakongo, tuliandika barua kwa wenye jengo tukiomba kupanga Jumapili mchana. Miezi saba kimya. Jibu lilipokuja lilisema limeshapata mnunuzi. Sasa ni fleti nne, na aliyechukua ya juu ameanika nguo kwenye dirisha lililoandikwa Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Tunasali kwenye ukumbi wa mazoezi, harufu ya viatu inakaribisha wageni. Sisikitiki sana. Mwezi wa Oktoba tulifanya mnada wa mavuno hapohapo: maboga, mayai, chapati za dada mmoja wa Goma. Trei ya mayai iliuzwa mara tatu, kila anayeinunua anairudisha, mpaka ikafika pauni 41. Mlinzi wa ukumbi alidhani tumechanganyikiwa, akaishia kununua boga.

Ninaloliona mimi ni hili: kile cha bibi na kile cha kijijini kwetu vilikuwa hai kwa sababu moja, kwamba mwenye kukifagia ndiye aliyekijenga na ndiye mwenye ufunguo. Ndiyo maana nina ugomvi na kundi letu la WhatsApp la wanamtaa tulio mbali. Kamati imeleta mchoro: jengo la watu mia sita, vigae, madirisha ya alumini, mnara. Mtaa wetu una kaya themanini na kidogo. Sababu waliyoandika ni kwamba tukitaka kuwa usharika, hatuwezi kukaa kwenye kikanisa, na kwamba wenzetu ng'ambo ya mto wameshaanza msingi. Niliposoma hiyo ya ng'ambo ya mto nikasikia harufu ya Siloam.

Nikaandika, kirefu kuliko inavyofaa kwa mtoto wa kike kuwaandikia wazee. Nikasema ongezeni mabenchi, ongezeni chumba cha watoto, mpeni mwinjilisti nyumba isiyovuja, na kile cha zamani msikibomoe. Siku mbili kimya. Halafu Mama Mwinjilisti akatuma ujumbe wa sauti, jogoo wanawika nyuma yake: "Kamwene, mwanangu. Wazee wamekaa, wamekusikia. Hakibomolewi. Tutakifanya stoo ya mahindi ya mnada."

Nimetuma hela ya bati thelathini. Ya vigae nimewaambia wangoje kwanza.